Baridi, mbabula na shofaji: kwa nini onyo moja halisikiwi sawa kila mahali

Katikati ya Februari 2021, kaunti zote 254 za jimbo la Texas, huko Marekani, ziliwekwa chini ya onyo la dhoruba ya baridi. Onyo hilo lilisomwa kwenye redio, likapita kwenye televisheni na kuingia katika simu za watu. Usiku wa kuamkia tarehe 15, umeme ulianza kukatika, na mwishowe nyumba na maduka zaidi ya milioni nne na nusu yalibaki gizani. Mjini Dallas kipimo kilishuka hadi digrii 19 chini ya sifuri. Vyombo vya kupasha nyumba joto, ambavyo Wakongomani wa ng'ambo wanaviita shofaji, vingi huko vinatumia umeme. Umeme ulipokwenda, joto nalo likaenda.

Kilichofuata ndani ya nyumba kinastahili kusomwa kwa makini hata hapa Kongo. Watu waliingiza ndani majiko ya makala yaliyotengenezwa kwa kuchomea nyama uani. Wengine waliwasha gari ndani ya gereji iliyofungwa ili wapate joto. Wengine waliweka jenereta karibu na dirisha. Katika siku chache, zaidi ya watu 1,400 walikwenda kutafuta matibabu kwa sababu ya sumu ya gesi ya moto. Serikali ya jimbo, ilipomaliza kuhesabu, ilitangaza vifo 246 vilivyotokana na dhoruba ile. Wengi waliuawa na baridi yenyewe. Wengine waliuawa na kile walichokiwasha ili kuikimbia baridi.

Texas ni mojawapo ya majimbo yaliyopokea Wakongomani wengi waliopewa makao Marekani. Kwa familia nyingi za Kivu, Texas si jina la mbali: ndiko anakoishi yaya, shemeji au mtoto. Na swali lililobaki baada ya dhoruba ile linawahusu wao pamoja na ndugu waliobaki nyumbani: kama onyo lilifika mapema, kwa nini halikutosha?

Kupasha nyumba, au kupasha mtu

Dunia nzima, watu wanaopatwa na baridi hufuata moja kati ya njia mbili. Wako wanaopasha nyumba nzima, na wako wanaompasha mtu peke yake.

Finland ni mfano wa njia ya kwanza. Katika miji yake, nyumba nyingi za ghorofa hupokea maji ya moto yanayotoka kwenye mtambo mkubwa na kupita katika mabomba chini ya ardhi. Ukuta umejazwa vitu vinavyozuia joto lisitoke, dirisha lina vioo viwili au vitatu, na ndani kipimo hukaa kati ya digrii 20 na 22 hata kama nje ni 20 chini ya sifuri. Mtu akiingia anavua koti na viatu, anabaki na shati. Finland imepokea wakimbizi wa Kongo kwa miaka mingi, na mgeni anayefika huko mara ya kwanza hukuta jambo asilolitegemea: usiku, ndani ya nyumba za nchi ya theluji kuna joto kuliko ndani ya nyumba nyingi za Butembo au Lubero.

Jambo lingine la huko lingemshtua mama yeyote wa Bukavu. Wafini wana desturi ya kulaza watoto wachanga nje mchana, ndani ya vigari vyao, hata wakati wa baridi. Kwao huo si uzembe. Mtoto amefungwa nguo juu ya nguo, mzazi anamchungulia kila mara, na nyumba yenye joto inamngoja hatua chache kutoka hapo. Wanaoweza kuichezea baridi namna hiyo ni wale wenye uhakika wa mahali pa kurudi.

Njia ya pili inaonekana Japani. Katika nyumba nyingi za huko, chumba cha kulala, korido na choo hubaki baridi. Familia inakusanyika kwenye meza fupi inayoitwa kotatsu, yenye kifaa cha joto chini yake na blanketi nene juu yake, kila mtu akiingiza miguu ndani. Leo kifaa hicho ni cha umeme, lakini zamani kilikuwa makala. Kusini mwa Uhispania kulikuwa na meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kirefu, na chini yake chungu cha makala yanayowaka polepole. Wazo ni moja: usipoteze moto kwa kupasha dari, pasha magoti.

Mama wa Lubumbashi anayeweka mbabula katikati ya sebule mwezi wa sita, watoto wakiizunguka, anafuata wazo hilohilo. Mji wake uko juu, kwenye mita zaidi ya 1,200, na katika miezi ya 6 na 7 kipimo cha usiku kinaweza kushuka chini ya digrii 10. Mchana jua linarudi. Kujenga nyumba ya Kifini kwa ajili ya wiki chache za namna hiyo kungekuwa kutupa pesa. Njia ya pili si ujinga wala ushamba. Ni hesabu ya mtu anayejua baridi yake ni fupi na mfuko wake ni mdogo.

Nchi za joto ndizo zinazozika wengi

Hata hivyo hesabu hiyo ina tundu, na watafiti wa Ulaya waliliona zamani. Mwaka 1997 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliolinganisha sehemu mbalimbali za Ulaya, kutoka kaskazini mwa Finland hadi Athens, mji mkuu wa Ugiriki. Watafiti waliuliza: nje kukiwa na digrii 7 tu, watu wa kila mahali wanafanya nini? Kusini mwa Finland, sebule ilikuwa na wastani wa digrii 21.7, Athens ilikuwa 19.2. Kusini mwa Finland, watu 72 kwa 100 walivaa kofia wakitoka nje katika kipimo hicho. Athens walikuwa 13 tu.

Utafiti mwingine, uliochapishwa 2003 na kuhusu nchi 14 za Ulaya, ulihesabu vifo vinavyoongezeka katika miezi ya baridi kuliko katika miezi mingine. Ureno, nchi ya jua, ilikuwa na ongezeko la asilimia 28. Uhispania na Ireland zilikuwa na 21. Finland ilikuwa na 10.

Maana yake ni kwamba baridi haiui kulingana na namba iliyo nje peke yake. Inaua pale inapowakuta watu hawana nyumba wala nguo wala mazoea ya kuikabili. Na mara nyingi inaua kimyakimya. Mtu akipata baridi kwa muda mrefu, mishipa yake ya damu inabana, shinikizo la damu linapanda, damu inakuwa nzito. Mzee anapatwa na moyo au kupooza siku chache baadaye, wakati jua limekwisha kurudi. Mtoto anaanza kukohoa, kisha mapafu yanashambuliwa. Kwenye mazishi hakuna anayesema kwamba marehemu ameuawa na baridi.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makao na afya wa 2018, lilitaja digrii 18 kuwa kipimo salama cha ndani kwa nchi zenye majira ya baridi, na kusema wazee, watoto na wagonjwa wanaweza kuhitaji zaidi. Lakini hata hapo mataifa hayasikii sawa. Sheria ya Ufaransa inazungumzia digrii 19 kama kikomo cha juu cha wastani, ili watu wasipoteze nishati. Ujerumani, ilipopungukiwa na gesi ya Urusi mwaka 2022, iliamuru ofisi za serikali zisipashwe kupita 19. Kwa Mfini, namba hiyo ni baridi. Kwa Mreno wa kijijini, aliyezoea kukaa na koti mezani, ni anasa.

Onyo la digrii ngapi?

Kama joto la ndani halina maana moja, onyo la baridi nalo haliwezi kuwa na maana moja. Kanada, ambako Wakongomani wengi wanaishi Montréal, Ottawa na Winnipeg, inalijua jambo hilo vizuri. Idara yake ya hali ya hewa haikuweka namba moja kwa nchi nzima. Kwa Toronto, onyo la baridi kali limekuwa likitolewa pale baridi pamoja na upepo vinapofikia kama 30 chini ya sifuri. Kwa sehemu za Nunavut, kaskazini kabisa, linangoja hadi karibu 50 au 55 chini ya sifuri. Namba ya Toronto, huko Nunavut, ni siku ya kawaida ya kazi.

Upande mwingine wa dunia, mjini Hanoi nchini Vietnam, watoto wa shule ya msingi huruhusiwa kubaki nyumbani kipimo kikiwa chini ya digrii 10. Mtu wa Winnipeg angecheka akisikia hivyo. Lakini madarasa mengi ya Hanoi hayana kifaa cha joto, na watoto hukaa humo saa nyingi. Digrii 10 darasani ni baridi kweli, kuliko 20 chini ya sifuri nje ya darasa lenye joto. Mtoto wa Lubumbashi anayekwenda shule alfajiri ya mwezi wa 7 na sweta moja angemwelewa mwenzake wa Hanoi bila mkalimani.

Maneno ya onyo nayo yana uzito. Kwa miaka mingi idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa ikitoa maonyo yaliyotaja ubaridi wa upepo. Watu wengi wakaelewa kwamba pasipo na upepo hakuna hatari. Kuanzia Oktoba 2024 idara hiyo ilibadili jina: sasa onyo linataja baridi kali, upepo uwepo au usiwepo.

Kwa mhamiaji kuna kizuizi kingine tena. Onyo linatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha nyingine ya nchi aliyofikia. Kama halikutafsiriwa katika lugha ya nyumbani kwake, linamfikia kama kelele ya simu tu. Na hata kama ameelewa maneno, bado anatakiwa kujua vitendo: radieta inafunguliwaje, bili inapandaje, nani anaitwa ikiharibika, na kwa nini bomba la maji linaachwa lidondoke usiku ili lisigande na kupasuka. Mtu aliyezaliwa huko alijifunza hayo akiwa mtoto. Mtu aliyefika mwezi uliopita kutoka kambi ya Nyarugusu au Kyangwali hajapata wa kumwonyesha.

Nani analipa joto?

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, ni pesa. Nchini Uingereza, tahadhari za baridi hutolewa na wakala wa usalama wa afya pamoja na idara ya hali ya hewa. Tangu 2023 zimepangwa kwa rangi, njano, chungwa na nyekundu, kulingana na madhara yanayotazamiwa. Tahadhari huwaambia wazee wapashe vyumba vyao hadi angalau digrii 18. Mzee anaisikia vizuri. Kisha anatazama mita ya gesi, anazima, anaongeza blanketi. Waingereza wengi wameishi na uchaguzi huo: kula au kuwasha joto.

Ndiyo maana msaada wa joto umekuwa jambo la siasa kali huko. Tangu 1997 serikali iliwapa wastaafu pesa za kusaidia kulipa joto la majira ya baridi, tajiri na maskini sawa. Mwaka 2024 serikali mpya iliwaondolea wastaafu wasiopokea misaada ya maskini. Takriban watu milioni 10 walikosa pesa hizo. Kelele zikawa nyingi. Mwaka 2025 serikali ikarudi nyuma na kuwapa tena wale ambao mapato yao kwa mwaka hayapiti pauni 35,000.

Ufaransa ilichukua njia ya sheria. Katika baridi kali ya 1954, mwanamke mmoja alikutwa amekufa kwa baridi kwenye barabara ya Paris, bado ameshika karatasi iliyomfukuza nyumbani. Nchi nzima ilitikisika. Mwaka 1956 sheria ilikataza kufukuza wapangaji wakati wa majira ya baridi, na leo katazo hilo linaanza tarehe 1 Novemba na kwisha tarehe 31 Machi. Katika kipindi hicho ni marufuku pia kukata umeme au gesi ya nyumba ya mtu kwa sababu ya deni, ingawa deni lenyewe halifutwi. Mkongomani anayepanga nyumba Ufaransa na hajui tarehe hizo anaweza kutishwa bure na mwenye nyumba.

China ilichora mpaka. Tangu miaka ya 1950, miji iliyo kaskazini mwa mto Huai na milima ya Qinling hupata joto la serikali. Mjini Beijing kwa kawaida linawashwa tarehe 15 Novemba na kuzimwa tarehe 15 Machi. Kusini mwa mstari huo, kila mtu anajitegemea. Shanghai iko kusini, na watu wake huvaa makoti mazito ndani ya nyumba. Lakini joto la kaskazini lilitokana na makaa ya mawe, na watafiti waliolinganisha pande mbili za mto huo walikadiria mwaka 2017 kwamba moshi wake ulipunguza maisha ya watu wa kaskazini kwa miaka 3 hivi. Hata joto la bure lilikuwa na bei.

New York inamlazimisha mwenye nyumba. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, nje kukiwa chini ya digrii 13 mchana, ndani lazima kuwe na angalau digrii 20. Usiku lazima kuwe na 17 hivi. Sheria ni nzuri, lakini haifiki sawasawa katika kila chumba. Tarehe 9 Januari 2022, jengo la ghorofa 19 katika mtaa wa Bronx, lililokaliwa na familia nyingi zenye asili ya Gambia, liliwaka moto. Chanzo kilikuwa kifaa kidogo cha joto cha umeme kilichoachwa kikiwaka kwa siku kadhaa ndani ya chumba kimoja. Milango iliyopaswa kujifunga yenyewe haikujifunga, moshi ukapanda ngazi zote. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto.

Gesi isiyonuka

Moto unaonekana na moshi unanuka. Hatari iliyowakuta watu wa Texas ndani ya nyumba zao haionekani wala hainuki.

Wakaaji wa Goma na Sake hawahitaji kufundishwa kwamba hewa inaweza kuua. Wanalijua neno mazuku: mashimo na mabonde madogo ya nchi ya volkano ambamo gesi nzito inatoka ardhini na kutulia chini, ikiua mbuzi, kuku, na mara nyingine watoto wanaopita. Gesi hiyo ni kaboni dioksidi. Gesi ya mbabula ni ndugu yake, monoksidi ya kaboni, na ni mbaya zaidi kwa sababu haikai shimoni. Inachanganyika na hewa yote ya chumba, inamfikia aliyelala sakafuni na aliyelala kitandani.

Inatoka kila mahali moto unapowaka bila hewa ya kutosha: makala, kuni, petroli ya jenereta, gesi ya kupikia. Ikiingia mapafuni inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kile mwili unachohitaji. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, miguu inalegea. Dalili hizo zinafanana mno na za malaria. Wengi humeza dawa, wanalala mapema, na kulala ndiko kunakomaliza kazi.

Makala yaliyokwisha kutoa moshi na kuwa mekundu hudhaniwa kuwa salama. Si kweli. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa gesi hiyo, na hata yale yaliyofunikwa majivu ili yadumu hadi asubuhi.

Mbabula ilizoea nyumba zinazopumua: ukuta wa miti na udongo, nafasi kati ya ukuta na bati, mlango usiofunga vizuri. Nyumba hiyo ilipitisha baridi, lakini ilitoa gesi. Nyumba ya Dallas au Helsinki imezibwa makusudi ili joto lisitoke, kinachoingia kinabaki. Mtu anayechukua mbabula, au jiko la nyama, na kuliingiza humo amebeba desturi ya nyumba moja hadi ndani ya nyumba nyingine. Vilevile anayeziba kwa nguo matundu ya hewa ya nyumba ya Bulaya, akidhani fundi aliyasahau, anaziba pua ya nyumba.

Hatari inarudi nyumbani

Jambo hili halikomi kwa walio ng'ambo. Lubumbashi, Bukavu, Butembo na Goma zinajengwa upya. Matofali ya kuchoma, simenti, dari, vioo vya madirisha na milango ya chuma vinachukua nafasi ya ukuta wa zamani. Watu wanafunga vizuri kwa sababu ya baridi, na tena kwa sababu ya wezi. Lakini umeme haukuongezeka kwa mwendo huo: nchini Kongo ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano anayeupata, na hata anayeupata anajua jinsi unavyokatika. Kwa hiyo mbabula imebaki ileile huku nyumba ikibadilika kuizunguka.

Hapa nchini, maonyo ya hali ya hewa yanayosikika zaidi yanahusu mvua, mafuriko na maporomoko ya udongo, na ndivyo inavyostahili, maana hayo yanaua wengi. Baridi ya Lubumbashi au ya milima ya Lubero na Minembwe haihesabiwi kuwa janga. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa koko mwenye shinikizo la damu, au kwa familia iliyokimbia vita na kulala chini ya plastiki, usiku wa digrii 9 si jambo dogo.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani na wa madaktari kuhusu jambo hili haudai mashine za bei kubwa. Nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, zinashika joto kuliko moja nzito. Kofia na soksi wakati wa kulala zinamsaidia mzee na mtoto. Mtoto mchanga anapata joto bora akiwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Chai na uji moto husaidia; pombe hudanganya, kwa sababu inaleta joto kwenye ngozi huku ikilitoa mwilini.

Kama mbabula ni lazima, iwashwe nje mpaka moshi wa kwanza uishe, na inapoingizwa, dirisha na mlango viachwe wazi kiasi, hata kama upepo unasumbua. Hata hivyo hatari haiondoki yote: dirisha wazi linaipunguza tu. Watu watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, isifikiriwe malaria kwanza. Watolewe nje wote mara moja, kisha wapelekwe hospitali au kituo cha afya na kuelezwa kwamba palikuwa na moto ndani, maana dawa yao ya kwanza ni oksijeni.

Kwa walio Marekani, Kanada na Ulaya kuna kifaa kidogo cha ukutani kinacholia pale gesi hiyo inapoanza kujaa. Kinauzwa madukani kwa bei ndogo kuliko koti, na vingine vinatumia betri, kwa hiyo vinalia hata umeme ukiwa umekatika. Familia nyingi za Kongo hupokea wageni wapya kwa kuwatafutia makoti, viatu na mablanketi. Kifaa hicho kinaweza kuongezwa kwenye mfuko uleule.

Na katika simu za jioni, pale mama wa Bukavu anapomwuliza mtoto wake aliye Dallas au Winnipeg kama amekula na kama amevaa vizuri, swali la tatu linafaa kuulizwa kutoka pande zote mbili za simu: moto uliowaka leo ndani ya nyumba umetolewa nje kabla ya watu kulala?